Folda ya pamoja imekataa: Windows, Mac na Linux chini ya paa moja Lamu

Ofisi ndogo za hapa Lamu, iwe ni nyumba ya wageni kule Shela au duka la kuchapisha Langoni, zina mchanganyiko uleule wa mashine. Mapokezi pana kompyuta ya mezani ya Windows. Mwenye biashara ana MacBook yake. Halafu kuna laptopu kongwe iliyotiwa Ubuntu, mfumo wa jamii ya Linux, na hizi zimeongezeka tangu Microsoft ilipoacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, kwani mashine nyingi za zamani hazikubali Windows 11. Zote tatu zatakiwa zifungue folda moja: risiti, picha za vyumba, orodha ya wageni. Zinafungua vizuri, mpaka siku fundi anapigiwa simu: "Fundi, folda imekataa."

Imekataaje? Ndilo swali la kwanza, na wengi hawana jibu, kwa sababu wakiona kisanduku cha makosa hukifunga haraka kabla hawajakisoma. Kisome, au kipige picha kwa simu. Ile namba iliyo chini, mfano 0x80070035 au 1219, ina thamani kuliko maneno yaliyo juu yake.

Wengi hudhani Mac na Windows hazipatani. Zinapatana. Zote mbili, pamoja na Linux, hugawana folda kwa itifaki moja, yaani lugha moja ya mawasiliano, iitwayo SMB. Windows inayo tangu zamani. Mac iliifanya kuwa chaguo lake la kwanza mwaka 2013 ilipotoka OS X 10.9. Linux inaipata kupitia Samba, programu iliyoanzishwa na Andrew Tridgell huko Australia mwaka 1992. Basi folda ikikataa, kuna hatua fulani katikati iliyokatika: ama mashine hazifikiani, ama matoleo ya SMB hayalingani, ama hujatambuliwa, ama umetambuliwa lakini huna ruhusa. Tafuta ni ipi kabla ya kugusa mpangilio wowote. Na tafadhali, usianze kwa kuzima faiawoli, ule ukuta wa ulinzi wa kompyuta. Ukiizima na tatizo likabaki, umejiongezea tatizo la pili, na mara nyingi hakuna anayekumbuka kuiwasha tena.

Kompyuta haionekani kwenye orodha ya mtandao

Hili ndilo lalamiko la kawaida kuliko yote, na mara nyingi ndilo dogo kuliko yote. Kutoonekana na kutofikika ni mambo mawili. Jaribu kufika moja kwa moja kwa anwani ya IP, ile namba ya kompyuta kwenye mtandao. Kwenye Windows, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, kisha andika:

\\192.168.1.20

Kwenye Mac, ukiwa ndani ya Finder, kidirisha chake cha faili, bonyeza Command na K, uandike:

smb://192.168.1.20

Mstari huohuo wa smb:// unafanya kazi kwenye kidirisha cha faili cha Ubuntu. Folda zikifunguka, hakuna kilichoharibika. Tengeneza njia ya mkato au uipe folda herufi ya diski kama Z, uendelee na kazi zako.

Sababu yake ni kwamba kila mfumo una namna yake ya kujitangaza. Mac hutumia Bonjour. Linux hutumia Avahi, ambayo inasikilizana na Bonjour, ndiyo maana hizi mbili huonana bila shida. Windows ya zamani ilitegemea orodha ya NetBIOS iliyofungamana na SMB toleo la 1. Toleo hilo lilipoondolewa, orodha ikaondoka nalo, na sasa Windows hutumia njia nyingine iitwayo WS-Discovery. Ukitaka laptopu ya Ubuntu ionekane kwenye orodha ya Windows, weka kifurushi kiitwacho wsdd. Ukitaka Windows ionekane na Windows wenzake, hakikisha mtandao umewekwa kuwa "Private" na si "Public", na kwamba huduma ya Function Discovery Resource Publication inaendelea. Hilo la "Public" huwapata sana wanaobadilisha ruta: Windows huiona Waifai mpya kama mahali pa wageni, ikajifungia.

Anwani nayo haifiki: 0x80070035

Hapa ndipo Lamu inapokuwa na ugonjwa wake mwenyewe.

Nyumba za mawe za Mkomani zina kuta nene za matumbawe na chokaa, na vyumba vyake ni virefu na vyembamba kwa sababu upana ulifuata urefu wa boriti za mikoko. Mtu akitoka mapokezi kwenda chumba cha nyuma, Waifai lazima ipite ukuta baada ya ukuta. Huwezi kutoboa ovyo. Mji wa kale uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, na hata kama usingekuwepo, ukuta wa aina hiyo hautobolewi kwa mzaha. Basi watu hununua ruta ya pili, wakaichomeka juu ya orofa, intaneti ikapatikana kila pembe, kila mtu akafurahi. Wiki hiyohiyo folda inakataa.

Ruta ya pili, ikichomekwa kama ilivyotoka kwenye boksi, hutengeneza mtandao wake ndani ya mtandao. Mashine za chini zina anwani kama 192.168.1.20, za juu zina 192.168.0.15. Intaneti wanaipata wote, kwa hivyo hakuna anayeshuku ruta. Dalili yake ya kuitambua ni hii: laptopu ya juu inaweza kufungua folda ya kompyuta ya chini kwa kuandika IP, lakini ya chini haiwezi kabisa kufungua folda ya juu. Njia inakwenda upande mmoja. Ukisikia mtu anasema "yeye anaingia kwangu, mimi siingii kwake", usihangaike na pasiwadi. Kalinganishe anwani kwanza.

Kwenye Windows amri ni ipconfig, kwenye Ubuntu ni ip a, na kwenye Mac utaiona ndani ya mipangilio ya mtandao. Namba tatu za mwanzo zikiwa tofauti, na kwenye ofisi ndogo hazifai kuwa tofauti, umempata mwizi.

Dawa ni kuifanya ruta ya pili iwe kisambaza Waifai tu. Nyingi zina chaguo la "Access Point" kwenye menyu yao. Isiyo nalo, fanya kwa mkono: ipe ruta hiyo anwani iliyo ndani ya mtandao wa kwanza na isiyotumiwa na kifaa kingine, mfano 192.168.1.2, zima DHCP yake, yaani huduma ya kugawa anwani, kisha waya unaotoka ruta ya kwanza uuchomoe kwenye tundu la WAN, lile lenye rangi tofauti, uuchomeke kwenye mojawapo ya matundu ya LAN. Fuata mpangilio huo, maana ukianza na waya, DHCP mbili zitagombania kugawa anwani, na utakaa hapo mpaka magharibi.

Kuna ndugu yake tatizo hili. Mtu amejiunga na Waifai ya wageni, ile yenye pasiwadi iliyobandikwa ukutani. Mtandao wa wageni kwa kawaida huzuia vifaa visionane, na ni vizuri uwe hivyo. Hutaki mtalii aliyeshuka Manda leo asubuhi awe anapekua risiti zako. Mfanyakazi ahamie Waifai ya ofisi. Na aliyewasha VPN, ile njia ya faragha ya kuingia mtandao mwingine, kwenye laptopu yake aizime kidogo ajaribu tena.

Kama anwani zinalingana na bado hakufikiki, pima poti 445, mlango ambao SMB husikilizia. Kwenye Windows, ndani ya PowerShell:

Test-NetConnection 192.168.1.20 -Port 445

Kwenye Mac au Linux:

nc -vz 192.168.1.20 445

Usitegemee ping, amri ya kuiita mashine ijibu, peke yake. Mashine yaweza kukataa kujibu ping huku folda zake ziko wazi, au ikajibu ping huku SMB imezimwa. Poti ikijibu, safari ya njiani imekwisha, songa mbele. Isipojibu, rudi kwenye mashine yenye folda: Windows iruhusu kugawana faili na printa kwenye mtandao wa "Private", Mac iwashwe File Sharing, Ubuntu ipewe amri ya sudo ufw allow samba, kisha uhakikishe smbd, huduma ya Samba, inaendelea.

Jana ilifunguka, leo umeme umerudi na haifunguki

Umeme ukipotea na kurudi, ruta inaanza upya na yaweza kugawa anwani upya. Iliyokuwa .20 jana leo ni .23, na njia ya mkato inabisha nyumba isiyo na mtu. Ingia kwenye ruta, tafuta mahali pa kuhifadhi anwani za DHCP, uifunge anwani ya kompyuta yenye folda kwa namba yake ya MAC, ile ya kadi ya mtandao, isiyohusiana na kompyuta za Mac. Ni kazi ya dakika chache na inakuondolea simu nyingi. Njia nyingine ni kutumia jina badala ya namba, kama mapokezi.local, ambalo Mac, Ubuntu na Windows za karibuni zinalielewa.

Diski Z ikionyesha alama nyekundu ya X asubuhi lakini inafunguka ukiibofya, Windows iliwaka kabla Waifai haijashika. Achana nayo. Na kama folda hupotea kila baada ya muda wa chakula cha mchana, kompyuta inayoigawa inalala. Izuie kulala ikiwa imechomekwa umeme.

Zinafikiana lakini hazielewani

Namba 0x80004005 kwenye Windows, au mount error(112) kwenye Linux, mara nyingi huashiria matoleo ya SMB yasiyolingana. Hilo la Linux linapotosha: maneno yake yanadai mashine ya pili imezimwa, na wewe unaiona pale mezani inawaka. Jaribu kutaja toleo waziwazi:

sudo mount -t cifs //192.168.1.20/Kazi /mnt/kazi -o username=ofisi,vers=3.0

Ukipata badala yake lalamiko kuhusu aina ya faili na "bad superblock", usiogope, diski haijafa. Kifurushi cha cifs-utils hakijawekwa tu.

Toleo la 1 ndilo lililotumiwa na WannaCry, kirusi cha kompyuta, kuenea duniani Mei 2017. Mwaka huohuo Windows 10 ikaanza kuliondoa kwenye usakinishaji mpya, Linux ikaacha kulifanya chaguo la kwanza kuanzia toleo 4.13 la kerneli, kiini cha mfumo, kisha Samba ikalizima katika toleo 4.11 mwaka 2019. Anayebaki nalo ni nani? Mashine kuukuu za fotokopi zinazoskani na kutuma kwenye folda, na vile visanduku vya diski vya mtandao vilivyonunuliwa miaka mingi iliyopita. Skani inafanya kazi miaka nenda miaka rudi, siku kompyuta ya mapokezi inabadilishwa, skani inakufa, na lawama zinaiangukia kompyuta mpya.

Utakutana na ushauri wa kuirudisha SMB 1 kwa kuweka alama kwenye kisanduku kimoja tu. Usikubali. Skani kwenye flashi, au tumia FTP, njia nyingine ya kutuma faili, ikiwa mashine inayo, au tafuta sasisho la programu yake. Kufungua mlango wa 2017 kwenye kompyuta yenye pasipoti za wageni kwa sababu ya fotokopi ni bei mbaya.

Windows 11 toleo 24H2, iliyotoka 2024, imeleta wimbi lake. Ile ya Pro inadai ujumbe wa SMB utiwe saini ya kuthibitisha haukubadilishwa njiani, na haikubali tena kuingia folda kama mgeni asiye na pasiwadi. Ofisi iliyoacha folda yake wazi "ili isisumbue" inaambiwa sera za usalama zinazuia, mwenye ofisi anashangaa sera za nani. Dawa ya kweli ni kuunda mtumiaji na pasiwadi kwenye mashine yenye folda. Kuna namna ya kuilazimisha Windows ikubali wageni, lakini ni kurudi kulekule.

Pasiwadi ni sahihi, bado inakataliwa

Mtu anaapa kwamba ameandika pasiwadi sahihi, na mara nyingi anasema kweli. Shida ni kwamba ni sahihi kwa kitu kingine.

Anayeingia Windows kwa PIN ya tarakimu nne hana habari kwamba PIN hiyo ni ya mashine hiyo peke yake. Mtandaoni haifanyi kazi. Kama ameingia kwa akaunti ya Microsoft, SMB inataka barua pepe na pasiwadi ya akaunti hiyo, ambayo wengi walishaisahau. Na asiye na pasiwadi kabisa hatakubaliwa, kwani kwa kawaida Windows hairuhusu akaunti isiyo na pasiwadi kuingia kupitia mtandao.

Siku hizi sipotezi muda kuvitatua hivi kimoja kimoja. Unda akaunti ya ndani kwenye kompyuta yenye folda, uiite ofisi, uipe pasiwadi nzuri, na uigawie folda hiyo. Haina haja ya kutumiwa na mtu kukaa mbele ya kompyuta. Unapoingia kutoka mashine nyingine, taja na jina la kompyuta:

MAPOKEZI\ofisi

Usipolitaja, Windows yaweza kudhani unamaanisha mtumiaji wa laptopu uliyoishika.

Folda ikiwa kwenye Linux, jua kwamba Samba ina daftari lake la pasiwadi, mbali na lile la kuingilia Ubuntu. Mtumiaji lazima awepo kwenye Linux kwanza, halafu aongezwe:

sudo smbpasswd -a ofisi

Folda ikiwa kwenye Mac, kuwasha File Sharing hakutoshi kwa watu wa Windows. Ndani ya chaguo zake kuna orodha ya akaunti chini ya Windows File Sharing. Weka alama kwenye akaunti husika, na Mac itauliza pasiwadi yake hapohapo. Wengi hawajawahi kukiona kisanduku hicho.

Halafu kuna kosa 1219. Windows haikubali uingie kwenye seva moja kwa majina mawili kwa wakati mmoja. Labda asubuhi ulifungua folda ya picha kwa jina lako, sasa unataka ya hesabu kwa jina la ofisi. Funga miunganisho yote:

net use * /delete

Fungua pia Credential Manager, Windows inapohifadhi pasiwadi, ufute pasiwadi ya zamani ya seva hiyo, la sivyo Windows itaendelea kuituma ile iliyobadilishwa mwaka jana. Mac huificha ya kwake kwenye Keychain. Tafuta humo jina au IP ya seva, ufute.

Umeingia, lakini huwezi kuandika

Kwenye Windows kuna ruhusa mbili juu ya folda moja: ile ya kugawana, na ile ya faili zenyewe iliyo kwenye kichupo cha Security. Inayobana zaidi ndiyo inayoshinda. Mgeni anaweza kupokewa vizuri dakani na asivushwe ndani. Ukimpa ofisi haki ya kubadilisha kwenye kugawana na kumsahau kwenye Security, atasoma au hatasoma, lakini hataandika.

Kwenye Linux, folda iliyo ndani ya nyumba ya mtumiaji ni mtego. Tangu Ubuntu 21.04, folda za nyumbani zimefungwa kwa watumiaji wengine, hata kama ile ya ndani umeiachia kila mtu. Weka ya pamoja kwenye /srv, uipe umiliki, na kwenye smb.conf, faili la mipangilio ya Samba, usisahau mstari wa read only = no. Andika testparm kukagua kama kuna kosa la maandishi. Na ukiwa wewe ndiye unayeunganisha kutoka Linux kwenda Windows, faili zikaonekana za root, yaani msimamizi mkuu wa mfumo, ongeza uid=1000 kwenye chaguo za mount, au namba ya mtumiaji wako ikiwa ni tofauti.

Majina ya faili nayo yana visa. Mtu wa Mac huandika "Risiti 12/05" bila wasiwasi, lakini Windows haitaki / wala \ : * ? " < > | kwenye jina. Upande wa pili faili hilo litatokea na alama za ajabu, au jina fupi lenye ~ katikati. Andika tarehe kwa kistari. Jina lenye nafasi mwishoni ni baya zaidi, kwa sababu halionekani kwa macho. Windows inaliona faili na inashindwa kulifungua wala kulifuta. Lifute au lipe jina jipya ukiwa kwenye Mac.

Vile vijifaili vya .DS_Store vinavyomkera kila mtu wa Windows havina madhara. Ukitaka Mac iache kuviacha kwenye mtandao, andika kwenye Terminal kisha utoke na kuingia tena:

defaults write com.apple.desktopservices DSDontWriteNetworkStores -bool true

Na simu?

iPhone inaweza, tangu iOS 13 ya mwaka 2019: fungua Files, gusa nukta tatu, chagua Connect to Server, uandike smb:// na anwani. Android inahitaji programu ya faili yenye SMB ndani yake. Tumia akaunti ileile ya ofisi, lakini simu ambayo ni ya kutazama picha tu iundie akaunti yake yenye haki ya kusoma bila kuandika. Folda nzima ya risiti yaweza kufutwa na kidole gumba kimoja juu ya boti ya kwenda Shela, kama mtu ana VPN ya ofisi, na kilichofutwa kupitia mtandao kwenye Windows hakiendi kwenye pipa la taka.